Kujifunza Mhusika Mpya Katika Gemu za Mapigano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mtu anapoamua kubadili mhusika. Mifano mingi nimeitoa Street Fighter 6 na Tekken 8 kwa sababu ndizo ninazocheza, lakini ukicheza nyingine utajiona humu. Jibu likishatolewa mahali pamoja, mahali pengine nitakuelekeza huko.

## Kabla ya kuchagua

Nimchague mhusika gani?

Mchague yule ambaye uko tayari kupigwa ukiwa naye mara hamsini na bado ukamtaka kesho. Wiki za mwanzo ni za kupigwa tu, hakuna njia ya mkato, na kinachomrudisha mtu kwenye kiti ni kumpenda yule mhusika: anavyotembea, mlio wa ngumi yake, hata anavyosimama kabla raundi haijaanza.

Ukishapata wawili watatu unaowapenda, tazama kila mmoja anashinda kwa njia gani. Katika Street Fighter, Guile anataka ukae mbali, akurushie kombora lake, Sonic Boom, hadi uchoke uruke, kisha akutungue, yaani akupige ukiwa hewani. Zangief anavumilia makombora yote ili afike karibu akukamate mara moja tu. Ryu ana kidogo cha kila kitu. Kama huna subira, Guile atakutesa. Kama unaogopa kusogea, Zangief atakutesa zaidi.

Si bora nichukue aliye juu kwenye orodha za ubora?

Orodha hizo hupangwa na watu wanaowajua wahusika hadi ukucha, wakifikiria mapambano ya watu kama wao. Chini ya hapo mshindi ni yule anayetungua mirukio na kuadhibu makosa, na hayo kila mhusika anayaweza. Isitoshe, gemu husasishwa na aliye juu leo hushushwa (soma swali la masasisho, karibu na mwisho).

Nimecheza mhusika mwingine miaka mingi. Naanza sifuri?

Hapana. Macho yako yanabaki: unajua watu huruka wakiwa umbali gani, unajua mfumo wa gemu, unajua mtu aliyebanwa konani hufanya nini. Kinachokudanganya ni vidole.

Nilipohama kutoka kwa Ryu kwenda kwa Guile nilikuwa na tabia moja ambayo sikuwahi kuiona. Kila kabla ya kurusha Hadoken, kombora la Ryu, nilikuwa napiga hatua ndogo mbele. Kwa Ryu hatua ile ilinisaidia. Kwa Guile iliniua, kwa sababu kombora lake linahitaji ushikilie nyuma kwanza ndipo uende mbele na ngumi. Mimi nilijongea mbele, nikabonyeza, ikatoka ngumi tupu na mpinzani akaniruka kichwani. Siku nne nzima nilidhani pedi ya kuchezea imeharibika. Niliyajua tu nilipowasha maonyesho ya vitufe kwenye skrini na kuona ule mshale wa mbele uliokuwa ukiingia kila mara, wala sikuhisi kidole kikienda.

Kwa hiyo ukihama, washa maonyesho ya vitufe tangu siku ya kwanza. Yatakuonyesha unabonyeza nini kweli.

## Siku za mwanzo

Nikimfungua mara ya kwanza nianze na nini?

Ingia chumba cha mazoezi na usiguse kombo (mapigo yanayofuatana bila mpinzani kupata nafasi ya kukinga). Street Fighter ina vitufe sita vya kupiga; vibonyeze kimoja kimoja ukiwa umesimama, umechuchumaa, kisha hewani. Hayo ni mapigo 18 ya msingi. Kwa kila moja tazama linafika wapi, linatoka haraka kiasi gani, na likipiga hewa unabaki umeganda kwa muda gani. Ni kazi ya robo saa, na wengi huiruka.

Kisha tafuta majibu ya maswali haya matano, jibu moja kwa kila swali:

Akiniruka, namtungua na nini? Akiwa nje kidogo ya mkono, namdonoa na nini? Akipiga hewa mbele yangu, naingia na nini? Nikikinga pigo lake hatari, namwadhibu na nini? Nikibanwa, natoka na nini?

Yaandike kwenye karatasi, uiweke chini ya skrini. Kwa Ryu karatasi yangu ilisema: ngumi nzito ya kuchuchumaa, teke la kati la kuchuchumaa, teke hilohilo likifuatwa na Hadoken, Shoryuken (ngumi ya kuruka juu), na "kinga, usibonyeze". Hilo la mwisho lilikuwa jibu la swali la tano, na ndilo lililonipa ushindi mwingi kuliko yote.

Katika Tekken mhusika mmoja ana mapigo zaidi ya 100, kwa hiyo usijaribu kabisa kuisoma orodha kutoka juu hadi chini. Chukua kumi tu: ngumi ya haraka, pigo la kati (la usawa wa tumbo) lisiloadhibika likikingwa, teke la chini, pigo linalorusha juu, pigo linalokamata anayekwepa pembeni, na machache utakayoyapenda. Mengine yatakuja yenyewe, yakiletwa na wapinzani.

Kombo nijifunze lini?

Mapema, lakini moja. Tafuta fupi inayofuata pigo utakalolitumia mara nyingi zaidi, uishike hadi uweze kuongea na mtu huku unaipiga. Kombo ndefu inayotaka mpinzani awe konani, mita ya nguvu ijae na pigo la kwanza liingie kwa bahati utaipata mara moja katika mechi kumi, na siku hiyo utaikosa.

Najua kombo ndizo zinazopendeza kwenye video. Lakini kombo ni malipo, na kulipwa kunaanza na kugusa. Mtu anayegusa mara nane kwa kombo ndogo humshinda anayegusa mara mbili kwa kombo kubwa.

Nikae mazoezini siku ngapi kabla ya kupambana na watu?

Hata moja usiimalize. Nusu saa, karatasi yako ya maswali matano, halafu ingia mtandaoni siku hiyohiyo. Mpinzani wa kweli ndiye atakayekuonyesha ni jibu gani kati ya yale matano halifanyi kazi.

## Fremu na namba

Fremu ni nini, na ni lazima nizijue?

Gemu hizi huenda kwa picha 60 kila sekunde, na kila picha ni fremu moja, kama milisekunde 16.7. Kila pigo lina sehemu tatu: fremu za kutoka, kabla halijaweza kugusa, fremu za kugusa, na fremu za kurudi, ambapo huwezi kufanya lolote.

Namba utakayoitumia zaidi ni ile ya pigo likikingwa. Ukiona -4, maana yake baada ya kukinga, mpinzani anaachiliwa fremu nne kabla yako. Katika Street Fighter 6 mapigo ya haraka zaidi ya kawaida hutoka kwa fremu 4, kwa hiyo -4 inaadhibika ukiwa karibu na -3 haiadhibiki kwa pigo la kawaida. Shoryuken ikikingwa humwacha mwenyewe nyuma kwa zaidi ya fremu 20. Hapo una muda wa kupiga kombo yako kubwa kuliko zote, na kumpiga ngumi moja ndogo ni kumsamehe deni.

Tekken ni taratibu kidogo: ngumi ya haraka kwa kawaida ni fremu 10, na wahusika wengi wana pigo la kurusha juu la fremu 15. Hivyo -10 inalipwa kwa ngumi na -15 inalipwa kwa kurushwa.

Huna haja ya kukariri jedwali zima. Jua pigo lako la haraka ni fremu ngapi, jua mapigo yako matatu unayoyapenda yanakuacha wapi yakikingwa, basi. Ya wapinzani utayakusanya mmoja mmoja kila anapokupiga mtu.

Naona watu wanaandika 236 au 623. Ni nini?

Ni vitufe vya namba vya kibodi vikitumika kama ramani ya pande, mhusika akitazama kulia. 5 ni kuachilia, 6 ni mbele, 4 nyuma, 2 chini, 8 juu. Kwa hiyo 236 ni chini, chini-mbele, mbele, yaani mwendo wa Hadoken. 623 ni mbele, chini, chini-mbele, mwendo wa Shoryuken. Tekken ina desturi yake: huko 1 ni mkono wa kushoto, 2 wa kulia, 3 mguu wa kushoto, 4 wa kulia. Ukichanganya desturi hizi mbili utakesha.

## Chumba cha mazoezi

Mazoezini kombo inatoka kila mara, mechini inanikatalia. Kwa nini?

Kwa sababu mazoezini unajua itaingia. Mechini hujui kama atakinga, kwa hiyo kichwa kinafanya kazi mbili na vidole vimezoea moja.

Weka mhusika wa mazoezi akinge kwa kubahatisha, mara akinge mara asikinge. Piga mapigo mawili mepesi ya chini. Yakiingia, malizia na Shoryuken. Yakikingwa, simama hapo hapo. Mara ishirini za kwanza utamalizia kila wakati hata akikinga, na utaona aibu, lakini endelea. Ujanja ni kusoma pigo la kwanza huku la pili likitoka. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza na mapigo mawili, kwani moja halikupi muda wa kuona. Ukifika mahali mkono unajizuia wenyewe, kombo hiyo ni yako na mechini haitakukimbia.

Halafu fanya yote tena ukiwa upande wa pili wa skrini. Karibu kila mtu ana upande mmoja dhaifu, na wapinzani wazuri huugundua raundi ya kwanza.

Nimejua pigo la kutungua lakini bado narukiwa. Nifanyeje?

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kokote nikichukua mhusika mpya, nikiamini kuwa kutungua ndiko kunakomfundisha mpinzani kukuheshimu. Mtu asiyeweza kuruka lazima atembee, na akitembea, kila pigo ulilojifunza la kudonoa linapata kazi.

Mrekodi mhusika wa mazoezi akifanya mambo matatu katika nafasi tatu tofauti za kurekodi: kuruka mbele na teke, kutembea mbele na kupiga chini, na kusimama tu akisogeasogea. Yacheze kwa kubahatisha. Wewe kaa umbali anaoufikia kwa mruko mmoja. Akitembea, mdonoe. Akiruka, mtungue. Akisimama, usifanye kitu.

Hilo la tatu ndilo gumu. Utajikuta unabonyeza kwa sababu hupendi kungoja, na kidole kikiwa katikati ya pigo yeye yuko hewani na huwezi tena. Mirukio mingi tunayopigwa inatupata tukiwa tumeganda ndani ya pigo letu wenyewe, wala macho hayakuchelewa. Tazama marudio ya mechi zako utaliona hili.

Kuna pigo gumu ambalo mhusika wangu analitegemea. Nisimame hadi nilipate?

Hapana, cheza bila hilo na ulifanyie mazoezi pembeni, dakika kumi kwa siku. Mfano maarufu ni ngumi ya umeme ya Kazuya wa Tekken: mbele, achilia, chini, kisha chini-mbele na 2 ziingie katika fremu moja. Ikitoka sawasawa na kukingwa, bado wewe ndiye wa kwanza kusonga. Ukikosea kwa fremu moja inatoka ngumi ya upepo ya kawaida, na hiyo ikikingwa unaadhibiwa. Kuna watu wameicheza miaka na bado huikosa chini ya shinikizo. Kazuya ana mapigo mengine mazuri ya kukushikilia wakati huo.

## Mapambanoni

Nashindwa mfululizo na daraja langu linashuka. Nirudi kwa mhusika wa zamani?

Si sasa. Cheza na mhusika mpya mechi zisizo na daraja ikiwa namba ile inakuumiza, maana inaumiza kweli. Street Fighter 6 humpa kila mhusika daraja lake, kwa hiyo la zamani halitaguswa.

Badilisha pia unachokihesabu. Kila kikao chagua kitu kimoja kati ya vile vitano vya karatasi: leo nahesabu mirukio niliyotungua. Ukitungua sita kati ya kumi na jana ulitungua mbili, umesonga, hata kama umepoteza mechi zote.

Nitazame vipi marudio ya mechi zangu?

Tazama ulizoshindwa, na usimamishe kila unapopoteza zaidi ya robo ya damu (uhai wa mhusika). Uliza swali moja tu: muda mfupi kabla ya hapo nilibonyeza nini? Tekken 8 ina jambo zuri sana hapa: unaweza kuushika mchezo katikati ya marudio na kujaribu tena hali ileile, na mfumo hukuonyesha adhabu uliyoiacha ipite. Dakika kumi za hivyo zinafaa kuliko saa ya kupanga foleni ya mechi.

Kuna pigo moja kila mtu ananipiga nalo na siwezi kulijibu.

Lirekodi mazoezini na ulipigwe kwa makusudi. Mfano wa Drive Impact, pigo zito ambalo kila mhusika wa Street Fighter 6 analo: hutoka kwa fremu 26, yaani karibu sekunde 0.43, na huvumilia mapigo mawili. Watu hulibonyezea vitufe kwa hofu na kupasuliwa. Ukilirekodi likitoka kwa nyakati zisizotabirika, ndani ya siku tatu mkono wako utajibu kwa Drive Impact yako mwenyewe. Kuwa mwangalifu konani: hapo hata ukikinga unagongeshwa ukutani na kupigwa.

Macho yangu ni mazito. Mtu wa umri wangu ataweza?

Ataweza. Mwitikio wa kawaida wa macho ni kama robo ya sekunde, fremu 15 hivi, na mapigo mengi ni ya haraka kuliko hapo. Hakuna anayeyaona yote. Wanayatarajia.

Mwaka 2004, kwenye mashindano ya Evo, Daigo Umehara akiwa na Ken alibaki na damu ambayo hata kukinga kungeimaliza. Justin Wong, akiwa na Chun-Li, akaachia mateke mfululizo ya super (pigo kuu linalotumia mita). Umehara aliyapangua yote 15, la mwisho akiwa hewani, kisha akashinda raundi. Kupangua katika Street Fighter III: 3rd Strike kunataka uguse mbele wakati pigo linafika, na yale mateke yana mdundo. Aliujua mdundo ule kabla ya siku ile. Ukijua kitakachokuja, macho ya kawaida yanatosha.

## Hali za pekee

Naweza kujifunza wahusika wawili kwa pamoja?

Mshika mbili moja humponyoka. Mkamilishe mmoja kwanza hadi yale majibu matano yatoke bila kufikiri. Wa pili aje kwa sababu maalumu, mfano kuna mpinzani ambaye wa kwanza anateseka naye sana.

Kutumia Modern (mpangilio wa vitufe uliorahisishwa) katika Street Fighter 6 ni kudanganya?

Si kudanganya. Mapigo maalumu ya kitufe kimoja hupunguziwa asilimia 20 ya nguvu, na unakosa baadhi ya mapigo ya kawaida. Unapata mwitikio wa haraka, hasa katika kutungua. Kwa mhusika mpya ni njia halali ya kujifunza umbali na maamuzi kabla ya vidole. Ila ukihamia Classic, mpangilio wa kawaida, baadaye, jipe wiki kadhaa za kuumia tena.

Sasisho limembadilisha mhusika wangu. Nifanyeje?

Soma orodha ya mabadiliko, kisha rudi kwenye karatasi na uangalie kama majibu matano bado ni yaleyale. Mara nyingi manne hayajaguswa.

Pedi, stiki, au vitufe vitupu?

Kile ulicho nacho. Usibadilishe kifaa na mhusika wiki moja, maana hutajua kosa ni la nani. Na vidole vikiuma, pumzika. Maumivu ya kifundo cha mkono hayapiti kwa kuendelea kubonyeza.

Mtandao ukikwama, mazoezi yana maana?

Gemu hizi mbili hubashiri kitufe cha mpinzani na kusahihisha zikikosea, ndiyo maana wakati mwingine mtu anaruka ghafla kutoka sehemu moja hadi nyingine. Mechi za namna hiyo usizihesabu. Tumia waya badala ya Wi-Fi, na kataa mechi zenye muunganisho mbovu bila kuona haya.

Nikikutana na mtu mwenye mhusika huyohuyo?

Furahi, hasa akikushinda. Hifadhi marudio yale. Ni somo zima kutoka kwa mtu aliyekutangulia, akitumia silaha zilezile ulizo nazo.

Nitajuaje kuwa ni wa kumwacha?

Kama umemfanyia kazi mwezi mzima, majibu matano unayo, na bado ukishinda huhisi kitu, mwache. Ukishindwa na ukahisi hasira inayokufanya ufungue chumba cha mazoezi usiku ule ule, huyo ni wako. Mimi na Guile tulifika hapo wiki ya sita: nilikuwa nimepoteza mechi tisa, na badala ya kuzima mashine nikajikuta nimeshikilia nyuma, nikimrekodi mhusika wa mazoezi akiruka.